Uzi maalumu: Nyotamkia inaonekana mashariki kabla ya mapambazuko, tuitazame pamoja

Mlinzi wa Alfajiri (mleta uzi), 30 Septemba 2024

Ndugu wanajamvi, salaam kwenu nyote.

Naandika bandiko hili saa 1 asubuhi, vumbi la njiani likiwa bado viatuni, kwa sababu nimetoka kuona kitu nilichokitafuta kwa siku 3 mfululizo, nami nisingependa kikupite wewe unayesoma kwa kukosa taarifa tu. Nyotamkia iliyoorodheshwa kwa jina la C/2023 A3 (Tsuchinshan-ATLAS) inaonekana kwa macho matupu upande wa mashariki, muda mfupi kabla ya kupambazuka. Nipo Kongwa, mkoani Dodoma, ambako ukitembea dakika 20 kutoka mjini taa zinakwisha na upeo wa mashariki unabaki wazi.

Jina hilo refu lina historia fupi. Januari 2023 nyotamkia hii iligunduliwa na kituo cha Zijinshan, yaani Mlima wa Zambarau, nchini China. Mwezi uliofuata ikaonwa kivyake na darubini ya mradi wa ATLAS iliyopo Afrika Kusini, ambayo kazi yake ni kuwinda mawe ya angani yanayoweza kuigonga Dunia, na ndipo majina hayo mawili yakaunganishwa. Tarehe 27 Septemba ilipita mahali pake pa karibu kabisa na Jua, umbali wa kilomita zipatazo milioni 58, ambao haupishani sana na umbali wa sayari ya Zebaki. Walikuwapo waliotabiri kwamba ingevunjika kabla ya kufika huko. Haikuvunjika.

Asubuhi ya kwanza sikuona kitu. Huu ni mwisho wa kiangazi, na moshi wa mashamba yanayochomwa hujilaza chini angani kama shuka chafu. Asubuhi ya pili nilisimama mahali pabaya, nyuma ya mstari wa miti, nikagundua kosa langu wakati anga limekwisha kuwa jeupe. Leo nilitangulia mapema, nikachagua mahali tangu saa 10:45, nikazima simu na kuyaacha macho yazoee giza. Mwezi uliobaki kama ukucha ulikwisha kuchomoza. Ilipokaribia saa 11:15 nikaiona chini ya mwezi: nukta yenye ukungu, na juu yake mstari mwembamba ulionyooka kwenda juu, mfano wa chaki iliyopitishwa ubaoni kisha ikafutwa kidogo kwa kidole. Kwa darubini ya macho mawili mkia ulirefuka zaidi ya mara mbili ya ule nilioweza kuuona kwa macho. Nilidumu nao kwa dakika 20, kisha weupe wa alfajiri ukaumeza.

Anayetaka kuitazama kesho au keshokutwa atafute mahali palipo wazi upande wa mashariki kabisa, asiwe na taa mbele yake, na awe amesimama tayari walau saa nzima na robo kabla ya Jua kuchomoza. Kwetu Kongwa Jua linachomoza kwenye saa 12:20, hivyo muda mzuri ni kati ya saa 11:05 na saa 11:35. Walio Mwanza na Kigoma waongeze dakika kadhaa, walio Tanga na Mombasa wapunguze. Na hili naliandika kwa uzito wote: mtu mwenye darubini ya aina yoyote aiweke chini kabla Jua halijachomoza. Jicho lililoangalia Jua kupitia darubini, hata kwa sekunde moja, linaweza kupofuka, na halina tiba.

Naomba kila atakayeiona aandike hapa aliiona wapi, saa ngapi na ikiwaje. Asiyeiona naye aandike.

Mkazi wa Kinondoni, 2 Oktoba 2024

Mkuu, nimepanda juu ya paa la jengo tunaloishi siku mbili, jana na leo. Nimeona taa za barabarani, taa za matangazo, mawingu ya baharini, na ndege moja iliyokuwa ikitua. Nyotamkia sikuiona. Halafu ninafungua mtandao ninakuta picha zenye mkia uliotanda nusu ya anga, wa rangi ya dhahabu na buluu. Naomba kuuliza kwa heshima: kinachoonekana kwenye picha hizo kipo kweli, au kimetengenezwa?

Mlinzi wa Alfajiri, 2 Oktoba 2024

Nakushukuru kwa kuandika, kwa maana swali lako ndilo linalowakatisha tamaa watu wengi wasirudi tena usiku wa pili.

Picha nyingi ni za kweli, lakini kamera na jicho havifanyi kazi kwa namna moja. Kamera iliyotegeshwa juu ya kigoda chake cha miguu mitatu inaweza kuacha lenzi wazi kwa sekunde 10 au zaidi na kukusanya mwanga wote ulioingia katika muda huo, kisha mpigapicha akaziweka picha nyingi juu ya nyingine. Jicho halijui kuweka akiba. Linaona mwanga wa sasa hivi tu, na katika giza halioni rangi ila za vitu vyenye mwanga mkali. Mtu aliyeandaa moyo wake kwa picha ataitazama nyotamkia halisi na kusema hajaona kitu, ilhali ipo mbele ya uso wake.

Kuona usiku ni jambo la kujifunza. Mboni hupanuka ndani ya dakika chache, lakini uwezo kamili wa jicho gizani huchukua dakika 20 hadi 30 kuja, na mwanga mmoja wa simu hurudisha hesabu nyuma. Ndiyo maana watazamaji wazoefu hutumia tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu, kwa kuwa wekundu hafifu haulisumbui sana jicho lililozoea giza. La pili ni kutokikodolea kitu hafifu moja kwa moja. Katikati ya jicho pana chembe zinazoona rangi na mchana; pembeni ndipo palipo na chembe za usiku. Ukitaka kuuona mkia, tazama kando yake kidogo, nao utajitokeza wenyewe.

Kuhusu Dar es Salaam, usijilaumu. Asubuhi hizi nyotamkia iko chini mno, na mashariki yenu ni bahari yenye mawingu na unyevu. Subiri. Ndani ya siku 10 itakuwa imehamia jioni, upande wa magharibi. Ukiwa tayari, toka mjini kuelekea Kisarawe, ili taa za jiji zibaki mgongoni mwako.

Bint Pwani, 3 Oktoba 2024

Assalaam alaykum. Niko Pangani. Nimeiona leo saa 10:55 alfajiri kutoka ufukweni, wavuvi wawili nao wakaiona baada ya mimi kuwaelekeza, na mmoja wao akasema ni kimondo. Nimeona hata magazeti yanaandika hivyo, na ningependa tulitengeneze jambo hili ndani ya uzi huu.

Kwa watu wengi kimondo ni kile kinachokatiza angani kwa sekunde moja na kutoweka, au jiwe lenyewe linalofika chini, kama Kimondo cha Mbozi kule Songwe, pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Nyota yenye mkia haikatizi. Ukiiangalia inaonekana imetulia mahali pake kama nyota nyingine, na mwendo wake unaujua kwa kulinganisha asubuhi ya leo na ya jana. Naona neno nyotamkia linafaa, ingawa kitu chenyewe si nyota bali ni bonge la barafu na vumbi.

Babu yangu alikuwa mvuvi, na anga la kwetu nililijifunza kwake kabla ya kitabu chochote. Alikuwa akisema, kama walivyosema wazee wote wa mwambao, kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa miaka mingi nilidhani ni maneno ya kupamba mazungumzo. Baadaye nikakaa na kalamu. Kile kishada kidogo cha nyota kinamezwa na mwanga wa Jua magharibi karibu na mwanzo wa mwezi wa 5, masika yakiwa yamekolea, na kinazuka tena mashariki alfajiri mwezi wa 6, wakati kusi linavuma na mvua imepungua. Takriban siku 40 hakionekani. Wazee walikuwa na kalenda juani na mvuani, na jina lenyewe la kilimia limetokana na kulima.

Suheli wa Maskati, 3 Oktoba 2024

Wa alaykum salaam, dada yangu. Nami nafuatilia uzi huu nikiwa Maskati, ambako huku nyota ya Suheli ikionekana alfajiri mwishoni mwa mwezi wa 8 watu hufurahi kwamba ukali wa joto umeanza kuondoka.

Kwa kuwa umegusa majina, niongeze la sayari, kwani vitabu vya shule vimewachanganya watoto. Majina ya asili yaliyotufikia kwa Kiarabu ni Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Baadaye sayari za mbali zilipotafutiwa majina, baadhi ya waandishi walichukua majina ya buruji na kuyavisha sayari. Kausi ni buruji ya Mshale, Sumbula ni ya Mashuke, Saratani ni ya Kaa. Hizo ni sehemu za anga ambazo sayari hupita ndani yake, na kuipa sayari jina la Kausi ni kama kumwita msafiri kwa jina la kituo cha basi. Utaridi nao wengi wamezoea kuuita Zebaki, wala sioni ubaya, ilimradi tujue tunazungumzia sayari ile ile iliyo jirani na Jua.

Mjukuu wa Mkulima, 6 Oktoba 2024

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi, niko Iringa. Nilipomwonesha bibi nyotamkia juzi alfajiri hakufurahi hata kidogo. Alifunga kanga yake vizuri, akasema baba yake alimsimulia kwamba nyota ya namna hiyo ilionekana kabla ya vita vya Wajerumani na Waingereza, na kwamba haiji bure. Sikujua nimjibu nini bila kumvunjia heshima.

Bint Pwani, 6 Oktoba 2024

Marahaba. Usimjibu kwa haraka. Alichosimuliwa kina ukweli ndani yake: mwaka 1910 zilionekana nyotamkia 2 kubwa, moja mwezi Januari ambayo iling'aa hata mchana karibu na Jua, na ya pili ni ile ya Halley, mwezi wa 5. Miaka 4 baadaye vita vikaja. Mtu aliyeishi yote hayo atayaunganisha, na ni haki yake. Hata Marekani mwaka huo wa 1910 watu walinunua vidonge vya kujikinga na mkia wa Halley, kwa kusikia kwamba una sumu.

Mimi kwa imani yangu huwa narejea tukio la kupatwa kwa Jua siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (S.A.W.). Watu walisema Jua limepatwa kwa ajili ya msiba huo, naye akawaambia kwamba Jua na Mwezi ni ishara miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Naona nyotamkia nayo inaingia katika maneno hayo. Mwulize bibi akusimulie zaidi, uandike, kwa kuwa simulizi la mtu aliyeiona nyota ya 1910 ni hazina.

Mlinzi wa Alfajiri, 15 Oktoba 2024. Mrejesho

Imehamia jioni, na jana niliiona vizuri kuliko siku zote.

Tarehe 12 ilipita mahali pa karibu zaidi na Dunia, kilomita milioni 70 hivi. Kabla ya hapo, karibu na tarehe 9, ilikuwa upande wa Jua kabisa kwa kuitazama kutoka kwetu, na waliokuwa na vyombo vya angani waliona ikiwaka kuliko Zuhura, ingawa sisi hatukuweza kuiona kwa sababu ya mwanga wa Jua lenyewe. Haikuwa imeongeza moto wowote. Kila mmoja wetu amewahi kuona mwale wa jua ukipenya dirishani asubuhi, na vumbi ambalo halikuonekana likimeta ndani yake pale unapolitazama kuelekea kwenye mwanga. Vumbi la mkia lilifanya vivyo hivyo, Jua likiwa nyuma yake.

Jana Jua lilizama saa 12:30 kasoro dakika chache. Zuhura ilikuwa ya kwanza kutokea, nyeupe, imara, upande wa kushoto. Nilihesabu dakika, na ilipofika saa 1:00 usiku nyotamkia ikajitokeza kulia kwa Zuhura, kwenye kimo kinachokaribiana nayo, na chini zaidi upande wa kulia ilikuwapo nyota ya Arcturus yenye rangi ya chungwa. Ukiijua Zuhura huwezi kupotea. Mkia ulikwenda juu, na kwa darubini ya macho mawili niliona jambo ambalo sikulitarajia kuliona maishani: mstari mwingine mwembamba sana, ukitoka kichwani na kuelekea chini, upande wa Jua. Huo si mkia wa pili unaovutwa na Jua. Ni vumbi zito lililobaki kwenye njia ya nyotamkia, ambalo Dunia ilipopita katika bapa la njia hiyo tuliliona kwa ubavu wake, kama unavyoona ukingo wa sahani ukiiinua usawa wa macho.

Kilichoniharibia ni mwezi, ambao umekaribia kuwa mpevu na jana ulikuwa karibu mno na Zohali. Utakapoanza kuchelewa kuchomoza, kuanzia tarehe 19 au 20, tutakuwa na giza la kutosha, japo nyotamkia yenyewe itakuwa imeanza kufifia.

Niseme pia kuhusu mahali tulipo. Watazamaji wa Ulaya wanaishi na Jua linalozama kwa mshazari, kwa hiyo machweo yao ni marefu, na mara nyingi kitu kilicho karibu na Jua hujilaza juu ya upeo wao mpaka kinapotea. Kwetu Jua hushuka karibu wima, giza huja upesi, na sayari hupita juu karibu na utosi. Tunaona Msalaba wa Kusini, na tunaona Dubu Mkubwa. Ni wachache duniani waliojaliwa kiti kama hiki.

Mkazi wa Kinondoni, 21 Oktoba 2024

Nimeiona.

Nilikwenda Kisarawe jana na kaka yangu, kama ulivyoelekeza. Kwa dakika 10 za mwanzo nilisema moyoni kwamba ni yale yale. Kisha nikakumbuka kutazama pembeni, na mkia ukatoka gizani, mrefu kuliko ngumi yangu niliyoinyoosha mbele. Kaka yangu aliuona kabla yangu, akanyamaza kimya, jambo ambalo si kawaida yake. Si wa rangi ya dhahabu. Ni mweupe hafifu, kama mvuke. Lakini sasa nimeelewa kwa nini ulisema tusiilinganishe na picha, kwani picha nimeziona nyingi wiki hii na hakuna iliyonifanya nisimame nusu saa barabarani.

Nina maswali mawili. Redio zinasema itarudi baada ya miaka 80,000. Ni kweli? Na je, ninunue darubini gani?

Mlinzi wa Alfajiri, 21 Oktoba 2024

Hongera sana, ndugu yangu. Bandiko lako nimelisoma mara mbili.

Hiyo miaka 80,000 ilitokana na makadirio ya njia iliyokuwa nayo, na imerudiwa kila mahali. Hesabu za njia yake baada ya kulipita Jua zinaonesha kwamba inaondoka kwa mwendo unaotosha kuiwezesha isirudi kabisa. Ilikuja kutoka Wingu la Oort, ghala la mabonge ya barafu lililo mbali mno kupita sayari zote, na huenda sasa inatoka nje ya himaya ya Jua moja kwa moja. Inaondoka mkia ukitangulia, kwa sababu mkia hausukumwi na mwendo bali na mwanga na upepo wa Jua, ambavyo daima huutupa upande wa mbali na Jua.

Kuhusu darubini, nakuomba usinunue kile kidude chembamba chenye miguu ya bati, kilichoandikwa kwenye boksi kwamba kinakuza mara 500. Ukuzaji si kipimo cha ubora. Upana wa lenzi au kioo ndio unaokusanya mwanga, na kigoda kinachotikisika huharibu hata lenzi nzuri. Anza na darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita. Ukiiegemeza ukutani isitikisike, 10x50 itakuonesha miezi 4 mikubwa ya Mshtarii ikiwa kama chembe za mchanga kando ya sayari. Galileo aliiona Januari 1610 kwa chombo ambacho leo tungekiona duni, na kwa kuichora usiku baada ya usiku akatambua kwamba inaizunguka Mshtarii. Io, ulio wa ndani kabisa, humaliza mzunguko kwa siku 1 na robo tatu tu, hivyo hata katika jioni moja ndefu utaukuta umesogea.

Pete za Zohali zinahitaji darubini halisi, hata ndogo. Wiki hii tumeazima moja na tukaielekeza huko, wanafunzi 11 wakipanga foleni. Mwaka huu pete zimelala karibu usawa wetu, zinaonekana kama sindano iliyochomekwa kwenye punje ya kunde. Machi 2025 zitakuwa usawa kabisa, kisha zitaanza kufunguka tena mwaka hadi mwaka. Galileo mwenyewe alizikuta zimetoweka mwaka 1612, akashangaa, na ilibidi ipite zaidi ya miaka 40 ndipo Mholanzi Christiaan Huygens alipoeleza kwamba ni pete bapa isiyoigusa sayari popote. Mwanafunzi wa mwisho kwenye foleni aliitazama Zohali, akainua kichwa kuangalia mbele ya darubini kama kuna picha iliyobandikwa, akarudi kutazama tena. Nilimwachia muda wote aliotaka.

Mjukuu wa Mkulima, 22 Oktoba 2024

Mwalimu, kwa sisi ambao hatuna shahada wala kituo cha utafiti, je, kutazama huku kuna mchango wowote, au ni kwa ajili ya furaha yetu tu?

Mlinzi wa Alfajiri, 22 Oktoba 2024

Furaha peke yake ingenitosha. Lakini nikueleze habari ya Johann Georg Palitzsch, mkulima wa kijiji cha Prohlis, karibu na Dresden, Ujerumani.

Mwanasayansi Mwingereza Edmond Halley alikuwa ametambua kwamba nyotamkia za 1531, 1607 na 1682 ni moja inayorudi, akatabiri kwamba itaonekana tena mwaka 1758. Alifariki mwaka 1742 bila kuushuhudia ukweli wa maneno yake. Mwaka wenyewe ulipofika, wataalamu wa Paris waliitafuta kwa miezi mingi kwa ramani na vyombo vizuri. Aliyeiona kwanza, usiku wa tarehe 25 Desemba 1758, ni huyo mkulima, aliyejisomea mwenyewe na kulijua anga la kijijini kwake kiasi kwamba ukungu mmoja mgeni haukuweza kujificha asiuone.

Wala si mambo ya zamani tu. Thomas Bopp hakuwa hata na darubini yake mwenyewe. Julai 1995, huko Arizona, alikuwa akitazama kupitia ya rafiki yake alipoona kitu kisichokuwa kwenye ramani, usiku ule ule ambao Alan Hale alikiona akiwa New Mexico, na Hale-Bopp ikaonekana kwa macho matupu kwa muda wa miezi 18. Agosti 2019 Gennadiy Borisov, kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe, aligundua nyotamkia ya kwanza iliyothibitika kutoka nje kabisa ya mfumo wetu wa Jua. Siku hizi darubini za kujiendesha zinagundua nyingi zaidi kuliko watu, hilo ni kweli. Wewe anza na daftari. Andika tarehe, saa, mahali, hali ya anga, na kile ulichokiona, si kile ulichotarajia kukiona.

Nawe, mwanangu, Halley inatarajiwa mwaka 2061, mwezi wa 7. Hesabu umri utakaokuwa nao.

Mjukuu wa Mkulima, 22 Oktoba 2024

Miaka 54, mwalimu. Nimemwambia bibi. Amesema niandike kwenye hilo daftari kwamba yeye aliiona hii.

Mlinzi wa Alfajiri, 23 Januari 2025. Mrejesho

Wanajamvi, heri ya mwaka mpya. Nimerudi na habari ya kukosa.

Tarehe 13 mwezi huu nyotamkia nyingine, C/2024 G3 (ATLAS), ililipita Jua kwa ukaribu wa kutisha, chini ya sehemu moja ya kumi ya umbali wetu na Jua, nami nilikuwa nimejiandaa kuitafuta magharibi baada ya machweo. Mvua ya Dodoma, ambayo wakulima wanaihitaji na sina haki ya kuilalamikia, ilifunika upeo jioni zote. Nimesoma taarifa za walioiona kutoka kusini kwamba kichwa chake kimefifia na kusambaratika, ukabaki mkia mrefu usio na kichwa. Hii ndiyo tabia ya nyotamkia, wala hakuna anayeweza kukuahidi lolote juu yake kabla haijafika.

Hata hivyo jioni ya tarehe 19 mawingu yalifunguka kwa dakika 40. Zuhura na Zohali zilikuwa pamoja magharibi, zimekaribiana kiasi cha kuingia zote mbili ndani ya duara moja la darubini ya macho mawili. Nilipogeuka, Mshtarii ilikuwa juu, na mashariki Mirihi ilikuwa nyekundu kama kaa la jiko, kwa kuwa ndiyo kwanza siku 3 zilikuwa zimepita tangu iwe mkabala na Jua. Nilisimama nikazungusha shingo kutoka moja hadi nyingine, na kwa mara ya kwanza nikaona kwa macho kwamba zote 4 zimepangwa kwenye mstari mmoja angani. Mstari huo ndio bapa ambalo sayari zote zinazunguka ndani yake, nasi tumo ndani tukilitazama kwa ubavu. Nimelifundisha jambo hilo darasani kwa miaka 9 kwa kuchora ubaoni.

Bint Pwani, 24 Januari 2025

Pole kwa mvua, mwalimu. Huku Pangani jana palikuwa peupe. Niliipata Mshtarii upande wa kaskazini, juu, na kilimia karibu yake. Nilimpa mmoja wa wale wavuvi darubini, akahesabu nyota za kilimia mpaka akafika 26, akasema hakujua kwamba ni nyingi hivyo. Kwa macho huwa anahesabu 6.

Tumekubaliana yeye na mimi kukifuatilia kila wiki kinavyoshuka, mpaka jioni ya mwisho kitakapoonekana kabla ya kuzama. Nitaileta tarehe hapa, pamoja na hali ya siku hiyo, kama ilikuwa jua au mvua.